Mkono Wetu, Kiatu Chako

Mimi ni kinyozi, na kinyozi hana maoni. Kichwa cha mtu wa serikali na kichwa cha mtu anayeitukana serikali vyote nimevishika kwa mikono hii hii, na wote wawili nimewaambia, "Hapo umesema." Hivyo ndivyo nilivyoishi Umm Qasab, mji wetu wa mtoni, mpaka nikaota mvi bila kugombana na mtu, na ningezikwa hivyo hivyo kama Chasib asingeshika kiatu changu.

Tena kiatu kipya. Mke wangu Fakhriya alinilazimisha kununua jozi ya viatu vyeusi vya Kituruki, vya ngozi, nivae siku ya kumtoa binti yetu Ibtihal. Ndoa yenyewe ilishafungwa mbele ya kadhi tangu wakati wa baridi. Kilichobaki ni sherehe ya Alhamisi: waje na magari na ngoma, wamchukue wampeleke kwa mumewe, Ayhab. Viatu vilikuwa vinabana. Fakhriya akasema nivivae kidogo kidogo vizoee mguu, nisije nikachechemea mbele ya wakwe. Basi nikavivaa kwenda matangani.

Matanga yalikuwa ya mzee mmoja wa Albu Tuwayr, ukoo mkubwa kuliko koo zote za hapa kwetu, kwenye baraza yao ya matete. Ilikuwa siku ya tatu, siku ya wakubwa. Viatu tuliviacha mlangoni, rundo zima, tukaingia, tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa chungu. Baadaye akaingia Mheshimiwa Shabib, mbunge wetu, na walinzi wake. Naye ni mtu wa Albu Tuwayr. Akawapa pole wafiwa, akakaa, akaona simu zimeelekezwa kwake, akashindwa kujizuia. Akaanza habari za maji.

Habari za maji tunazijua. Mto umekonda, kinachotoka bombani ni chumvi. Sabuni yangu haitoi povu. Wateja wananyolewa kavu, wanatokwa na machozi, wanadhani nina kinyongo nao. Mheshimiwa akasema maji matamu yatafika kabla ya Ramadhani. Hakusema Ramadhani ipi.

Chasib alikuwa amekaa karibu na mlango. Huyu naye ni Albu Tuwayr, mfuga nyati, au tuseme alikuwa mfuga nyati, maana nyati wake wote wamekufa kwa kunywa maji hayo. Aliposikia Ramadhani akainuka, akatoka. Tukadhani ameenda haja. Akarudi akasimama mlangoni, na mkononi ana kiatu.

Sikukitambua. Nilipokiona kinapita juu ya vichwa vya watu nilijisemea, kiatu kizuri kile, mtu anatupaje kiatu kizuri vile. Kikampiga Mheshimiwa kwenye mfupa wa bega, kikadunda, kikaangusha mabirika ya kahawa. Walinzi wakamrukia Chasib. Mtu mmoja akaanza kulaani kwamba matangani hapafanywi mambo kama hayo, jirani yake akamwambia anyamaze, anaharibu sauti kwenye simu.

Nilipotoka nje nikakuta kiatu changu cha kulia peke yake.

Mtu mwenye akili angekiacha hapo hapo akaenda zake peku, kama wanavyokwenda watu wanaoibiwa viatu matangani kila mwaka. Mimi nilikivaa. Niliona heri mguu mmoja uungue kuliko yote miwili. Nikakatiza soko zima, huku kiatu cheusi kinachong'aa, huku soksi. Kabla sijafika nyumbani mji mzima ulishajua kiatu cha Mheshimiwa ni cha nani.

Kesho yake duka langu lilijaa kama siku ya kuamkia Idi. Hakuna aliyetaka kunyolewa. Mwalimu Abdulwahid, aliyekuwa akifundisha michezo kabla ya kustaafu, alisimama katikati na taulo langu lililokunjwa, akawaonyesha.

"Kosa lake ni kiwiko," akasema. "Kiwiko kilikuwa chini. Angekiinua hivi, angempata puani."

"Mwalimu, mlango ule ni mfupi," akasema Naim, dereva wa teksi. "Angeinua kiwiko angepiga matete."

"Angepiga hatua mbele basi."

"Na kwa nini hakutupa ndala zake mwenyewe?" akauliza mmoja.

"Ndala zinaelea," akasema Mwalimu. "Ukirusha ndala inakwenda huku inafikiria."

Wakanigeukia. "Baba Ibtihal, wewe unasemaje?"

"Nasema aliyekaa kitini akae sawa nisije nikamkata sikio."

Wakacheka wote, na jioni nikasikia mkahawani kwamba kinyozi ametishia kukata masikio ya serikali.

Ofisi ya Mheshimiwa ikatoa taarifa. Ilisema kitu kilichorushwa hakikumfikia, kwamba hakikuwa kiatu, na kwamba aliyekirusha hakuwa mtu wa hapa. Saa hiyo hiyo Mheshimiwa akaonekana kwenye televisheni mkono umefungwa kitambaa shingoni. Huko Baghdad wachambuzi wakaketi mezani kukichambua kiatu changu. Mmoja akasema kiatu ni cha Kituruki, kwa hiyo macho yetu yaelekee Uturuki. Mwenzake akasema hapana, huo ndio mtego wenyewe, mwenye akili atazame upande mwingine kabisa. Niliwasikiliza mpaka mwisho nisikie kama kuna atakayesema lini nitarudishiwa.

Sokoni muuza viatu alipanga viatu vyeusi vya Kituruki mbele ya duka, akaviita vya bega. Muuza mboga akanijazia bamia zaidi ya nilizotaka, akanikonyeza. Hatua chache mbele mzee mmoja akanishika shati. "Matangani, Baba Ibtihal? Watu wana msiba?"

"Mzee, sikutupa mimi."

"Kiatu chako kilikuwepo," akasema, na hakuniachia mpaka nikamwomba radhi. Mtoto wa marehemu mwenyewe alinisalimia kwa mikono miwili. Alisema baba yake, Mungu amrehemu, katika maisha yake yote hakuwahi kukusanya watu wengi vile.

Nikamwambia Fakhriya, "Nimekuwa mwanasiasa bila kufungua mdomo."

Fakhriya alikuwa akichambua mchele. "Alhamisi utavaa nini?" akauliza.

Ndiyo maana nilikwenda kituo cha polisi. Watu wamenicheka kwa hilo, na waendelee kucheka. Baba wa bibi harusi hasimami mlangoni na ndala. Nilimkuta ofisa mmoja kijana, nikamwamkia, nikamwambia kile kiatu ni changu na ninakihitaji.

"Una uhakika ni chako?"

"Mwenzake huyu hapa," nikasema, nikamtoa kwenye mfuko.

Akawaita wenzake. Wakaleta kile cha kushoto, wakaviweka mezani pamoja, wakavipiga picha, wakanipiga picha na mimi. Kisha ofisa akavichukua vyote viwili. Alisema ushahidi haukamiliki kwa kiatu kimoja.

Pale kwenye benchi unaona mpaka ndani ya mahabusu. Chasib alikuwa amekaa chini, jicho moja limevimba limefumba. Akaniona, akaja kwenye nondo taratibu, anajishika mbavu.

"Niwie radhi, Baba Ibtihal," akasema. "Sikutazama ni cha nani. Nilichukua cha juu."

"Rundo zima la viatu vibovu, wewe ukaona changu."

"Nilikuwa na haraka." Akasogeza uso karibu na nondo. "Bega linamuuma?"

"Amefunga mkono kitambaa."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Nilimpiga la kushoto," akasema Chasib. Hakucheka. Aliegemea nondo, akavuta pumzi ndogo ndogo. "Nifanyie jambo moja. Mwambie mke wangu asije huku. Wakiona nina mgeni, usiku wananitoa kunipiga."

Nilimpelekea mkewe salamu hizo. Alizisikiliza akiwa amesimama kwenye zizi tupu, akanikaribisha chai, nikakataa kwa sababu nilijua maji yake.

Sasa Albu Tuwayr walikuwa na tatizo lao. Mtu wa heshima wa ukoo amepigwa kiatu mbele za watu, na jambo kama hilo kwetu halipiti hivi hivi. Lazima ukoo uliokosewa udai haki kwa ukoo uliokosa. Ila aliyepigwa ni wao na aliyepiga ni wao. Wadai nini, na kwa nani? Wasipodai, koo nyingine zitawacheka mpaka wajukuu wazeeke. Wazee wao wakakaa na Sheikh Lafta, mkuu wao, wakanywa kahawa nyingi, na mwisho wakapata njia.

Asubuhi nikafungua mlango nikakuta ukuta wa nyumba yangu umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za dukani: ANATAKIWA NA ALBU TUWAYR.

Nyumba ikishaandikwa hivyo, mwenyewe ana deni la ukoo, na mpaka alilipe hakuna anayeigusa. Duka langu siku hiyo lingeweza kufugiwa kuku. Mwalimu Abdulwahid alipita ng'ambo ya barabara akitazama mawingu, na mawingu hayakuwepo. Naim alinipigia honi kwa mbali, honi fupi, ya mtu anayeweza kusema baadaye kwamba alimpigia mbuzi. Nisemeje? Niliwachukia wote. Kiwiko walikijua, mlango walijua urefu wake, lakini ukuta wangu hakuna aliyeuona.

Mchana akaja Haji Khayun, baba yake Ayhab, muuza mchele. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kizingiti akaupa ukuta mgongo.

"Baba Ibtihal," akasema, "mimi na wewe ni ndugu."

Nikajua mambo yameharibika.

"Nimetoka kwa Sheikh Lafta," akaendelea. "Amenipokea vizuri. Wanasema mkono ni wao, hilo hawalikatai. Lakini kiatu ni chako. Mtu akiua kwa bunduki ya mwenzake, mwenye bunduki anaulizwa. Basi na kiatu hivyo hivyo."

"Haji, wewe unakubali maneno haya?"

"Mimi nauza mchele. Sikiliza. Kesho wanakaa barazani kwao. Wanataka kwako neno moja. Uape kwa Abbas kwamba Chasib alikuibia. Basi. Wanafuta ukuta, Alhamisi tunakuja kumchukua mwali wetu."

"Na nikikataa?"

Akatazama vidole vyake. "Mwanangu hawezi kubeba deni la Albu Tuwayr nyumbani kwangu. Atatoa talaka. Hajamgusa, mambo yenyewe bado ni ya karatasi."

"Ya karatasi," nikasema.

"Usinielewe vibaya. Nampenda binti yako."

Nyuma ya pazia la jikoni nilisikia sufuria ikiwekwa chini polepole sana.

Akaondoka. Nikakaa sebuleni na Fakhriya, tukalitazama jambo lenyewe. Kwetu huku mtu anaweza kuapa kwa Mungu akadanganya, kwa sababu Mungu ni mwingi wa rehema. Kwa Abbas, shahidi wa ukoo wa Mtume, hathubutu mtu. Abbas hana subira. Lakini mimi nisingedanganya: Chasib alichukua kiatu changu bila kuniuliza. Ningeapa nikalala fofofo.

"Tatizo nini basi?" nikasema.

"Unalijua," akasema Fakhriya.

Nalijua. Mtupa kiatu ni mtu wa Albu Tuwayr aliyepandwa na hasira. Wamemkasirikia, lakini ni wao; mkewe wanamlisha, na Mheshimiwa akishapoa watamtoa mahabusu kimya kimya. Mwizi wa matangani ni kitu kingine. Mtu akiiba kwenye baraza ya ukoo wake, mbele ya msiba, ukoo unanawa mikono. Anakuwa hana watu. Wale wanaomtoa usiku watajua hakuna atakayekuja kuuliza asubuhi.

Ibtihal akatoka jikoni anafuta mikono kwenye dera lake. Ana macho ya mama yake, yanayokungoja umalize upuuzi wako.

"Baba, aliiba?"

"Alichukua bila kuniuliza."

"Sikuuliza hivyo."

Akakaa mbele yangu.

"Nataka ujue kitu kabla hujaenda," akasema. "Mimi nampenda Ayhab. Sitaki talaka. Usije ukafika huko ukasema, binti yangu ameniambia fanya la haki, yuko tayari. Siko tayari, Baba. Nimeshatandika mpaka mapazia ya nyumba yake." Akarudi jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Kesho yake nilikwenda barazani na ndala za kuazima. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mlangoni hapakuwa na kiatu hata kimoja. Watu wote waliingia wamekumbatia viatu vyao kwapani, mashekhe wazima wenye vilemba, wakaketi navyo mapajani wamevishika. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo. Mheshimiwa Shabib alikuwa ubavuni kwa Sheikh Lafta, kitambaa kimehamia mkono wa kushoto. Haji Khayun alikaa karibu nami na hakunitazama. Mzee wa ukoo wangu alikuwepo pia, lakini ukoo wetu ni mdogo, na mzee mwenyewe alishaniambia njiani niseme nililoambiwa.

Wakaniwekea kikombe cha kahawa mbele yangu. Kikombe hicho hukinywi mpaka jambo liishe.

"Kinyozi," akasema Sheikh Lafta, kwa upole. Si mtu mbaya. Kichwa chake nimekinyoa mimi tangu kina nywele. "Mkono ni wetu. Mkono tutaujua wenyewe. Lakini kiatu ni chako, na kiatu kimetoka mguuni mwako kikampiga mtu wetu. Tunakuuliza mbele ya hawa wote: kiliondokaje?"

Nilikuwa nimekuja kusema kimeibwa. Nisiwadanganye. Usiku kucha nilikuwa nikiyaona mapazia ya Ibtihal, na nilijisemea kwamba Chasib hakunifikiria aliponyoosha mkono, kwa nini mimi nimfikirie. Neno nilikuwa nalo ulimini. Nikafungua mdomo, na kwa kuwa nilikawia kidogo, Mheshimiwa akatazama saa yake.

"Sema tu, kinyozi, watu wana kazi," akasema. "Mwizi ni mwizi. Nina mradi wa maji wa kuzindua saa sita."

Hasira ikanipanda. Si hasira ya kiatu wala ya ukuta. Nilimwona Chasib kwenye nondo anajishika mbavu, ananiuliza kama bega la huyu linauma.

"Hakuniomba," nikasema. "Naapa kwa Abbas, hakuniomba, wala sikumwona akichukua."

Sheikh Lafta akatikisa kichwa kukubali. Pembeni yangu Haji Khayun akashusha pumzi.

"Na naapa kwa Abbas," nikasema, "angeniomba, ningempa. Vyote viwili."

Mtu anaweza kubishana na maneno, anaweza kubishana na ushahidi, lakini kiapo cha Abbas kikishatoka hakuna wa kukirudisha mdomoni. Mheshimiwa akamgeukia Sheikh Lafta kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Sheikh Lafta alifumba macho.

"Basi hakuiba," akasema mwisho.

"Hakuiba."

"Basi deni ni lako."

"Ni langu."

Wakainamiana, wakanong'ona. Hukumu ilikuwa kwamba nitoke Umm Qasab kabla ya jua kuzama, na nisirudi mpaka Mheshimiwa atakaporidhika. Nikauliza Mheshimiwa huwa anaridhika lini. Haji Khayun akainuka, kahawa yake haijaguswa, akavaa viatu hapo hapo juu ya zulia na kutoka.

Nilifika nyumbani nikamkuta Ibtihal amekaa juu ya sanduku la nguo zake. Nikamweleza yote kama yalivyokuwa, na la baba mkwe kutoka bila kuaga nikamweleza. Hakuniambia nimefanya vizuri. Alisema, "Ulijua siko tayari."

"Nilijua."

Akalia, akiwa ameninyima uso. Nilisimama pale na mfuko wangu wa mikasi, sijui niuweke wapi. Niliona uchungu ambao sijauona tangu nimzike mama yangu, na nilimwonea aibu mtoto wangu mwenyewe, na hata hivyo kama wangeniita tena barazani ningesema vile vile. Fakhriya akanifungia mkate na jibini kwenye kitambaa. Nilikuwa nakwenda kwa binamu yangu, mjini Samawa; huko ni mbali, akasema, na watu wa binamu yako hawajui kupika.

Baada ya sala ya alasiri tukasikia honi. Nikadhani Albu Tuwayr wamechoka kungoja jua. Kisha nikasikia ngoma.

Kulikuwa na magari manne matano, mawili yamefungwa maua, mengine muda haukutosha. Kwenye la kwanza akashuka Mama Ayhab, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na nyuma yake dada zake na wapiga ngoma.

Fakhriya akamlaki mlangoni. "Haji yuko wapi, mama?"

"Anafikiri," akasema Mama Ayhab. "Amejifungia chumbani anafikiri. Akimaliza atatukuta nyumbani na mkwewe." Akausoma ukuta kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaugusa kwa kidole. "Na rangi wameweka nzuri. Kwa maji yetu haya haitoki."

Ayhab akaja mbele yangu, suti imembana, jasho linamtiririka. "Ami," akasema, "nimekuja kumchukua mke wangu."

"Leo si Alhamisi, mwanangu."

"Alhamisi hutakuwepo, Ami."

Nikamshika bega, nikakaa hivyo, nikijifanya namtengeneza kola.

Wanawake wakaingia ndani. Gauni halikuwa limepigwa pasi sawasawa, nywele zilifungwa haraka, na mmoja wa dada za Mama Ayhab alimpaka Ibtihal wanja kwa mkono uliokuwa ukitetemeka kwa kucheka. Juu ya mapaa majirani walijipanga na simu zao. Hakuna aliyeshuka, isipokuwa Mwalimu Abdulwahid, aliyevuka barabara amebeba kiti kimoja cha plastiki, akakiweka mbele ya mlango wetu bila kumtazama mtu, akarudi kwake. Naim alikuwa ameshaegesha teksi, injini inanguruma. Kwenye kona vijana wawili wa Albu Tuwayr walisimama wakitazama jua. Niliona mmoja wao akijaribu asipige makofi.

Fakhriya angebaki, ampeleke binti yake, anifuate kesho. Kilichobaki ni kile cha siku zote: baba anasimama mlangoni, bibi harusi anapita, anapanda gari, baba anamsindikiza kwa macho. Nikasimama mlangoni. Ibtihal akatoka, mweupe kuanzia juu mpaka chini, ngoma zikapanda, mlango wa gari ukafunguliwa. Akasimama.

"Wewe kwanza," akaniambia.

"Mwanangu, haifanywi hivyo."

"Wewe kwanza, Baba. Mimi siondoki nikuache hapa uje utolewe na wale." Hakupandisha sauti. "Panda."

Mama Ayhab akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Nikambusu Ibtihal kwenye paji la uso, poda ikanishika mdomoni. Nilitaka kumwambia anisamehe, na yeye akaona, akatikisa kichwa kwamba si sasa. Nikapanda teksi na mfuko wangu na mkate wangu. Naim akatia gia bila kupiga honi.

Gari lilipoondoka niligeuka nyuma. Bwana harusi alikuwa ameshika mlango wa gari lake uko wazi, anangoja, watu wote wanangoja. Ibtihal amesimama kwenye mlango wa nyumba yangu, gauni amelikunja mkononi lisiguse vumbi, ananisindikiza kwa macho. Alisimama hapo mpaka teksi ikakata kona.